Kabla ya Kisu, Jopo Likae

Juma hili twalizungumza jambo ambalo haya hutufanya tulifiche: saratani ya puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Wengi wetu tukiona damu chooni husema ni bawasiri, tukanyamaza miezi mingi. Mgonjwa anapofika hospitali, huenda uvimbe umekwisha kupenya hadi kwenye kibofu au nyumba ya uzazi.

Hapo jamaa huingiwa na haraka: "Apasuliwe upesi!" Twaielewa haraka hiyo, lakini kwa saratani iliyofika hapo, kisu mara nyingi hakitangulii. Hutangulia picha ya MRI ya nyonga, ijulikane uvimbe umefika wapi. Kisha mionzi na dawa za kuupunguza. Ndipo upasuaji, baada ya wiki kadhaa. Mwaka 1982 daktari Bill Heald wa Uingereza alieleza kwamba puru yafaa itolewe pamoja na mafuta yote yanayoizunguka, bila kuyapasua, kwani chembe zikisalia humo maradhi hurejea. Kazi hiyo haiwezwi na mtu mmoja. Msoma picha, mtaalamu wa mionzi, wa dawa za saratani, mpasuaji wa utumbo, na wa kibofu au wa uzazi ikihitajika, hukaa pamoja wakaafikiana kwanza.

Katika jopo hilo yumo pia muuguzi, naye tusimdharau. Huenda mgonjwa akatolewa njia ya choo tumboni akavaa mfuko, kwa muda au daima. Muuguzi huweka alama mahali pake kabla ya upasuaji, akimtazama mgonjwa ameketi, amesimama na ameinama. Mama, mwonyeshe unavyorukuu na kusujudu, na mahali unapofunga leso, mfuko usije ukabanwa. Wala mwenye mfuko haachi Swala: ana udhuru, na masheikh wetu watamwelekeza namna ya kutawadha.

Basi kabla ya kutia saini tuulize: Je, jopo limekaa? Limeamua nini, na kwa nini? Kuuliza si utovu wa adabu. Ni haki ya mgonjwa. Na anayeona damu leo asingoje, aende akapimwe. Haya ni pambo letu, lakini isiwe sababu ya kumzika mama aliyeweza kutibiwa.

Mola awape shifaa wagonjwa wetu. Amin.