Mambo ya Nyumbani: Onyo la Upepo na Mvua

Mwezi huu twapenda kunena habari ya maonyo ya upepo mkali na mvua kubwa, maana maneno mengi yasemwa juu yake huko pwani, na mengine si ya kunyamaziwa. Watu husema, "Wale wa hali ya hewa walituambia tuhame, tukahama, na upepo haukuja." Neno hili ni jepesi kulinena barazani, walakini laweza kumwua mtu mwaka mwingine.

Na tulipime kwa mambo yaliyotukia. Mwezi wa Aprili 2019 watu wa Mtwara walionywa habari ya kimbunga kilichoitwa Kenneth. Shule zikafungwa, watu wakaambiwa waondoke mahali pa chini waende penye majengo imara. Tarehe 25 kimbunga kikashuka nchini kusini ya mto Ruvuma, katika jimbo la Cabo Delgado, kaskazini ya mji wa Pemba ulioko Msumbiji (msidhani ni kisiwa chetu cha karafuu). Watu wa Mtwara wakarudi makwao, na wengine wakacheka. Lakini katika kisiwa cha Ibo, huko kulikopigwa, nyumba nyingi sana zilibomoka, na katika nchi ile watu zaidi ya 40 walikufa. Aprili 2021 kikaja kimbunga Jobo, kikielekea pwani ya Dar es Salaam, nacho kikafifia kabla ya kudhuru. Tena mwanzo wa Mei 2024 kikaja Hidaya. Vyombo vya kuvuka kati ya Dar es Salaam na Unguja vikazuiwa, na usiku wa tarehe 4 kimbunga kikapoteza nguvu karibu na Mafia.

Je, mara tatu hizo watu walionywa bure? Sisi twasema sivyo. Kimbunga kikiwa baharini kilomita 500 mbali nasi, kikipinda kidogo tu njiani, kitashuka nchini kilomita 100 au 200 kando ya pale tulipokitazamia. Mwenye kuonya hana budi kuwaonya wote walio katika upana huo, wale watakaopigwa na wale watakaopona, kwa kuwa hawezi bado kuwatenga. Akingoja mpaka ajue hakika, saa za kuhama zimekwisha.

Na hao wasemao Hidaya haikuja, waulizeni watu wa Kilwa. Upepo ulizimika, lakini mvua yake ilinyesha. Maji yakaingia majumbani, madaraja yakabomoka, na barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara ikakatika siku kadhaa. Aghalabu ndivyo ilivyo: upepo ndio uogopwao, na maji ndiyo yanayoua. Tarehe 3 Desemba 2023, huko Katesh chini ya mlima Hanang, mbali kabisa na bahari, tope na mawe yaliyoshushwa na mvua yaliua watu zaidi ya 80.

Wako tena wazee wasemao kwamba pwani yetu haipigwi na vimbunga. Neno lao lina sababu, nasi hatuwadharau. Kimbunga huzaliwa juu ya bahari yenye joto la digrii 26 au zaidi. Mvuke hupanda, na hewa ya pande zote hukimbilia pale chini. Nayo dunia, kwa kuzunguka kwake, huipindua hewa ile hata ikazunguka kama mishale ya saa, kwa upande huu wa kusini. Lakini karibu na ikweta nguvu hiyo ya kupindua ni ndogo mno, kwa hiyo vimbunga huwa haba kwetu kuliko Msumbiji na Bukini. Haba si kusema havipo. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi, na merikebu za Sultani Barghash zikavunjika. Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo karafuu nyingi zikawa zatoka huko. Miaka 80 baadaye, tarehe ile ile 15 Aprili, mwaka 1952, kimbunga kingine kikaipiga Lindi. Mtu aweza kuzaliwa na kuzeeka kati ya viwili hivyo asione hata kimoja, akafa akiamini kwamba havipo.

Wazee walituachia methali ya kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Ni kweli kwa mvua ya shambani. Kwa kimbunga, mawingu mazito yakionekana juu ya minazi, chombo kilichoko mbali baharini kimekwisha kuchelewa. Basi lazima tusikilize habari ingali jua linawaka.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa maonyo kwa ngazi tatu: angalizo kwa rangi ya manjano, tahadhari kwa rangi ya machungwa, na tahadhari kubwa kwa rangi nyekundu. Huita upepo mkali ule uzidio kilomita 40 kwa saa, na mawimbi makubwa yale yazidiyo mita 2. Chini ya onyo huandikwa mambo mawili ambayo watu wengi huyaruka: uwezekano wa kutokea, na kiwango cha athari. Kisomeni chote. Ikiandikwa kwamba uwezekano ni wastani, maana yake hata wao wenyewe wamekiri kwamba huenda lisitokee. Na lisipotokea hawakusema uongo.

Nyumbani kazi si kubwa. Mabati yaliyolegea yapigiliwe misumari, na matawi makavu yanayoelekea paa yakatwe. Vyeti na karatasi za shamba zitiwe katika mfuko usiopenya maji. Mbuzi wafunguliwe, wasifungwe bondeni. Maji yaendayo kasi yakifika magotini humwangusha mtu mzima, basi mtoto asitumwe kuvuka kijito hata kama ng'ambo ni karibu. Tena jambo hili mlishike: katikati ya kimbunga pana kituo cha utulivu, upepo hukoma ghafula, hata jua laweza kuonekana. Msitoke kwenda kutazama paa la jirani. Upepo utarudi kwa upande wa pili, na ule uliosimama kwa kuegemea huku utaangushwa kule.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo lituumizalo zaidi. Mvuvi hajui kusoma rangi peke yake. Ajua pia kusoma chungu cha mkewe. Siku moja ya kukaa pwani ni siku moja bila kitoweo, na onyo la siku tatu ni deni dukani. Hatuwezi kumwita mtu huyo mkaidi. Lakini wako wenye vyombo wakaao bara penye ukuta wa mawe, na baharia akikataa kutweka tanga siku ya onyo, humwambia kwamba nafasi yake atapewa mwingine. Hao twawaambia wazi kwamba wanafanya vibaya. Afadhali mwenye chombo, nahodha na mabaharia wapatane kabla ya masika, sehemu ndogo ya kila mavuno iwekwe kando, ili siku ya mawimbi posho ipatikane humo. Tumesikia kwamba vikundi vingine vya wavuvi vimeanza kuweka akiba ya namna hiyo. Wenye habari zaidi na watuandikie, tuwape wengine.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutanena habari ya maji ya kisima baada ya mafuriko.