Bei za Kilosa zisizungushwe Cape Town

Mnunuzi wa mazao wa Masanze, wilayani Kilosa, anapotafuta bei kwenye simu, hahitaji kujua ni kompyuta ipi inayomjibu. Kampuni inayomuuzia huduma hiyo ndiyo inayopaswa kupiga hesabu.

Kampuni inayogawa programu zake katika vifurushi viitwavyo kontena, chini ya usimamizi wa Kubernetes, ina njia mbili: kukodi usimamizi huo nje au kufunga seva zake.

Amazon, ambayo tangu 2020 ina kituo Cape Town, hutoza dola 0.10 kwa saa kwa usimamizi pekee, yaani dola 72 kwa siku 30. Seva hulipiwa kando. Aidha, Mei 12, 2024, hitilafu katika nyaya za baharini za EASSy na Seacom iliyumbisha intaneti nchini.

Kwa soko la ndani, seva za Dar es Salaam zinafaa zaidi. Zisiwe mbili: maamuzi huhitaji wingi wa kura, hivyo moja ikizimika usimamizi husimama. Tatu humudu kupoteza moja.

Hata hivyo, asiye na fundi wa kuamshwa usiku ni heri akodi.