SAA ZA KURUKA SI MSHAHARA!

Kuna ulaji unaendelea angani huko Marekani ambao utingo yeyote wa lori ataujua mara moja.

Kijana ana leseni ya urubani wa kulipwa, lakini mashirika makubwa kwa kawaida hayamchukui mpaka afikishe saa 1,500. Sharti hilo lilianza kutumika 2013, kufuatia ajali ya Buffalo ya 2009 iliyoua watu 50. Hatuna ugomvi nalo.

Ugomvi wetu ni na vigogo wenye jeti ndogo. Wanamwambia kijana: kaa kiti cha kulia, pakia mabegi, andaa kahawa, malipo yako ni saa. Hilo ni changa la macho! Ndege kama Cessna Citation CJ1 imeidhinishwa kurushwa na rubani mmoja. Sheria ya huko inaruhusu saa za rubani msaidizi kuandikwa pale tu ndege yenyewe, au kanuni za safari, zinapodai marubani wawili. Bima ikitaka wawili, au tajiri akiogopa, haihesabiki. Mwaka 2018 mlango ulifunguliwa kidogo, kwa makampuni ya kukodisha yenye mpango wa mafunzo ulioidhinishwa na serikali. Mwenye jeti yake binafsi hayumo.

Kwa hiyo kijana analipwa noti bandia. Akiziandika saa hizo daftarini, anayeweza kunyang'anywa leseni kwa udanganyifu ni yeye. Bosi anatafuta mwingine.

Tunasema: kama kiti cha kulia kina kazi, kilipiwe dola. Kama hakina, tajiri aruke na rubani wake mmoja!