Altrasaundi ya kukaza ngozi siyo ile ya kupimia mimba

Mama mmoja wa hapa Ibadakuli, mzazi wa watoto sita, aliniuliza kama mashine ya altrasaundi ya wajawazito haiwezi kumkaza tumbo. Alisikia mjini ikisifiwa "altrasaundi ya ngozi", na pesa yake ya upatu alikwisha itenga. Nilimwambia asubiri kwanza.

Zote mbili ni mawimbi ya sauti ambayo sikio halisikii. Ya mimba hupitishwa kwa nguvu ndogo, hurudi kama mwangwi, nasi tukapata picha. Ya kukaza ngozi hukusanywa pamoja, kama mtoto anavyokusanya jua kwa lenzi mpaka karatasi iungue. Joto hilo hutua milimita 1.5, 3 au 4.5 chini ya ngozi, na hufika nyuzijoto 60 hadi 70. Kolajeni, inayoshikilia ngozi kama kamba za kitanda, hujikunja. Kisha mwili husuka nyingine kwa miezi miwili mitatu.

Si uongo basi, ila faida yake ni ndogo kuliko sifa zake. Idhini ya kwanza Marekani, mwaka 2009, ilikuwa ya kuinua nyusi, baadaye ikaja ya kidevu na shingo. Ngozi iliyolegea sana haiitikii vizuri. Huuma, huvimba, na mikononi mwa asiyejua huweza kuunguza au kutia ganzi.

Tena tumbo la mzazi mara nyingi tatizo si ngozi peke yake. Misuli ya katikati huwa imeachana, na hiyo husaidiwa na mazoezi ya kufundishwa. Ukiona kinundu kinachotokeza unapokohoa, huenda ni ngiri, njoo hospitali.

Kuna wanaokimbilia kusema ni haramu. Mtume (s.a.w.) alimruhusu Arfaja, aliyepoteza pua vitani, kuweka pua ya dhahabu baada ya ile ya fedha kunuka. Kuondoa ila ni jambo moja, kubadili umbo kwa kutafuta urembo ni jingine. Kwa maoni yangu mama huyu yuko upande wa kwanza, lakini amuulize shekhe wake. Wallahu a'alam.

Nanyi akina baba: nilipomuuliza nani kamwambia tumbo lake ni baya, hakunitajia kioo.