Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone. Si Mwenyeji Ahame

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Maneno hayo ni machache, lakini ndani yake mna sheria nzima ya safari. Mgeni anapobisha hodi, nyumba hufagiwa, chungu huinjikwa, na hata aliyekuwa mgonjwa hujikongoja akaketi barazani. Mgeni huondoka ameona, na mwenyeji hubaki amefaidika. Leo twauliza: ikiwa mgeni amekuja, na mwenyeji badala ya kupona amefunga virago akahama, je, mgeni huyo amemtembelea nani?

Swali hili lina maana kubwa siku hizi ambapo watu wengi, hata wa kwetu, wanaweka akiba wapate kwenda kuitazama dunia. Kila mahali kuna picha za miji ya mbali, na kila mtu anaulizia palipo pazuri. Ni jambo jema, maana tembea uone ni wasia wa tangu zamani. Walakini twaulizana sana wapi pana majumba ya fahari, na ni nadra kuulizana wapi pangali na watu.

Natuchukue mfano wa Venice, kaskazini mwa Italia, mji ambao pengine hakuna unaosifiwa kuushinda. Umejengwa juu ya visiwa vidogo zaidi ya 100, katika maji machache ya chumvi yenye matope, mfano wa wangwa wa kwetu maji yajaapo. Wajenzi wa kale walipigilia magogo ndani ya tope, wakatandika mawe juu yake, kisha wakasimamisha majumba na makanisa ambayo yapo hadi leo. Motokaa haziingii. Mitaa ni vichochoro vilivyounganishwa kwa madaraja zaidi ya 400, na njia kuu ni mfereji. Basi lao ni chombo cha majini, mgonjwa hupelekwa hospitali kwa mashua, na hata maiti huvushwa kwa mashua hadi kisiwa cha makaburi.

Utajiri wa mji huo haukutokana na watalii. Ulitokana na biashara ya bahari. Pilipili manga na viungo vya Mashariki vilipita Misri, vikapakiwa Iskandaria, vikateremshwa Venice. Waarabu waliuita mji huo Al-Bunduqiyya, na katika Kiarabu neno hilo hilo ndilo jina la bunduki. Mwaka 1621 wafanyabiashara wa Kituruki walipewa jumba lao kando ya Mfereji Mkuu, lenye maghala, pa kulala, hamamu na pahala pa kusalia. Jumba lingalipo, na sasa ni makumbusho. Nazo shanga za Venice zilifika hadi Unguja, na katika karne ya 19 misafara ilizibeba kuingia nazo bara. Kwa hiyo, mgeni katika mji ule si jambo geni. Tangu hapo waliishi naye, wakafanya naye biashara, wakampa nyumba na masharti yake. Tofauti ni kuwa siku hizo mwenyeji alikuwapo.

Tazama sasa. Mwaka 1951 mji mkongwe wa Venice ulikuwa na wakazi wapatao 175,000. Mwaka 2022 idadi hiyo ilishuka chini ya 50,000. Mwanzoni waliondoka kwa sababu za kawaida: walifuata kazi barani ng'ambo ya pili, walitaka nyumba kavu, na walichoshwa na mafuriko. Mwaka 1966 maji yalipanda sentimita 194 juu ya kipimo chao cha kawaida, na Novemba 2019 yakapanda tena sentimita 187. Lakini kwa miaka ya karibuni lililowasukuma zaidi ni hesabu nyepesi ya mwenye nyumba. Akimpangishia jirani kwa mwezi, apata kidogo. Akiwalaza wageni kwa usiku, apata kingi. Basi jirani hupewa notisi. Akisha kuondoka jirani, mwuza mboga hukosa mnunuzi, naye hufunga. Na mahali pake hufunguliwa duka la barakoa na vikorokoro vya ukumbusho. Mama aliyebaki hukosa pa kununua mahitaji yake karibu na nyumbani, na mwisho wake naye huwafuata wenzake.

Wenyeji hawakunyamaza. Karibu na daraja la Rialto kuna duka la dawa ambalo mwaka 2008 liliweka dirishani kibao cha taa kinachoonyesha idadi ya wakazi waliosalia. Novemba 2009, idadi ilipopungua 60,000, watu walitia jeneza ndani ya mashua wakapita nalo Mfereji Mkuu, wakiuzika mji wao ungali hai. Mwaka 2023 vikundi vya wakazi vilivyokuwa vikihesabu vilitangaza kuwa vitanda vya wageni mjini sasa ni vingi kuliko wenyeji. Mji ambao vitanda vya wapitaji vimewazidi wenyewe, twauitaje mji?

Serikali imejaribu dawa kadha. Agosti 2021 meli kubwa za anasa zilizuiwa kupita mbele ya uwanja wa San Marco. Aprili 2024 ilianzishwa ada ya euro 5 kwa mgeni anayeingia mchana na kuondoka bila ya kulala, katika siku zilizoteuliwa. Na mwaka 2025 ada ikawa euro 10 kwa aliyechelewa kujiandikisha. Siku ile ya kwanza baadhi ya wakazi waliandamana kuipinga, wakisema wamefanywa watu wa makumbusho ambayo huingiwa kwa tikiti. Sisi twaona walikuwa na haki. Ada yaweza kumpunguza mgeni wa saa mbili, lakini haimrudishi jirani aliyehama.

Msafiri mwenye macho na aulinganishe mji huo na Fez, nchini Morocco. Huko nako ni vichochoro vitupu visivyopita gari. Huko nako kuna ukale: msikiti wa Qarawiyyin, uliokuwa chuo mashuhuri cha elimu, ulianzishwa mwaka 859. Lakini ukipita Fez wapishana na nyumbu aliyebeba ngozi, mwenyewe akikupigia kelele umpishe. Mtaa una msikiti wake, bomba lake la maji, hamamu yake, chuo chake cha watoto na tanuri lake, ambako watoto hupeleka unga uliokandwa nyumbani ukaokwe mkate. Wasindika ngozi wamo ndani ya mapipa yao ya rangi kama walivyokuwa babu zao. Fez nayo ina maradhi yake, kwani wenye uwezo wengi walihamia mji mpya, na nyumba nyingine zimegeuzwa za kulaza wageni. Hata hivyo, mgeni wa Fez huona watu wakiishi, wala hawaishi kwa ajili ya kutazamwa.

Tumeyaeleza hayo kwa sababu twaufikiria mji wetu wa Lamu. Venice iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1987, Lamu ikaingizwa mwaka 2001. Hatusemi Lamu imefikia hali ya Venice. La hasha! Punda bado wapita, watoto bado waenda chuoni, na Maulidi bado yakusanya watu wa mwambao mzima. Lakini dalili zipo. Pale Shela nyumba kadha wa kadha zimenunuliwa na watu wa Ulaya, zikatengenezwa vizuri kabisa, kisha sehemu kubwa ya mwaka milango yake imefungwa. Msimlaumu mwenye kuuza. Nyumba ya mawe yataka chokaa na boriti, na fundi hafanyi kazi kwa dua. Warithi ni wengi, kila mmoja ana fungu lake, na mnunuzi amesimama mlangoni na fedha mkononi.

Wazee wetu waliijua dawa ya jambo hili, nayo ni wakfu: nyumba haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi, bali manufaa yake huwaendea waliotajwa, kizazi baada ya kizazi. Wenye majumba na waifikirie tena. Serikali ya kaunti nayo isaidie matengenezo ya nyumba zinazokaliwa na wenyewe, kwa fungu linalotokana na hao hao wageni. Kujisifia idadi ya wageni kila msimu bila ya kuhesabu wenyeji waliobaki ni kuhesabu mapato na kusahau rasilmali.

Wako watakaosema kuwa twawafukuza wageni. Hatuwafukuzi. Mwaka 2020 korona ilipofunga njia, wapiga makasia wa Venice na manahodha wa Lamu wote walionja ukata mmoja. Mgeni ni riziki, na riziki haipigwi teke. Tulisemalo ni kwamba riziki hiyo lazima imkute mwenyewe nyumbani.

Nawe msomaji unayejiandaa kwa safari, iwe ya ng'ambo au ya kuvuka Mkanda tu, tuna wasia mmoja. Usiende kuhesabu majumba. Lala pale, japo usiku mmoja au miwili. Nunua mkate kwa mwokaji wa mtaa na kikapu kwa msukaji mwenyewe. Toa salamu, ungoje uitikiwe. Ukitoa salamu katika mji mzuri na asipatikane mwenyeji wa kukuitikia, jua kuwa umefika umechelewa.