Kutu ya Breki Zisizotumika

Tangu kampuni ya BasiGo ilipoanza kuendesha mabasi ya umeme jijini Nairobi mnamo 2022, mafundi wa Industrial Area, waliozoea breki zilizolika kwa kutumiwa mno, hawana budi kujiandaa kwa maradhi ya namna nyingine: breki zinazoharibika kwa kukaa bure.

Katika gari la umeme, dereva apunguzapo mwendo, mota hugeuka jenereta, ikalizuia gari na kurudisha umeme betrini. Kwa hiyo neno letu “breki” sasa limebeba maana mbili, na mwalimu asiyezitenga atampotosha mwanafunzi. Breki ya pili, ile ya diski na pedi, aghalabu husubiri tu. Diski ni chuma; masika yakinyesha, au gari likioshwa na kuegeshwa, kutu huanza usiku huohuo. Katika gari la petroli msuguano huifuta asubuhi. Katika la umeme huweza kubaki, ikauchimba uso wa diski, nazo pini za kalipa zikakwama.

Yupo atakayeuliza: hatari i wapi, ikiwa diski hazihitajiki? Betri iliyochajiwa usiku kucha ikajaa haina nafasi ya kupokea umeme unaorudi. Basi alfajiri, gari litokapo kituoni, breki ya mota huwa dhaifu na kazi huangukia diski zizo hizo zilizolala na unyevu. Seuze mtoto akikatiza ghafla Lunga Lunga Road!

Kinga yenyewe ni rahisi. Gari likiwa halina abiria, penye barabara tulivu, dereva akanyage breki kwa nguvu mara kadhaa kila wiki, kwani kukanyaga kwa upole huiamsha mota pekee. Baada ya kuliosha, aliendeshe kidogo huku akifunga breki, ili joto lizikaushe diski. Naye fundi azisafishe pini na kuzipaka grisi ya breki kila mwaka. Pedi nene si ithibati ya uzima. Volkswagen, kwa upande wake, iliweka breki za drum, ambazo hufunikwa, kwenye magurudumu ya nyuma ya ID.3.

Madereva wanafunzwa kuhifadhi betri kwa kutokanyaga breki. Hilo ni nusu ya somo. Mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, yenye makao yake humu humu Industrial Area, pamoja na vyuo vya ufundi, viitie nusu ya pili katika mitaala, tena kwa Kiswahili kinachosemwa gerejini.