Kabla ya Kuokota Jiwe, Tuulize Kijana Huyu Ametoka Nyumba Gani



Wapendwa Taifa la Mungu, juma hili tunapenda kutafakari pamoja nanyi juu ya usemi mmoja ambao tumezoea kuusoma magazetini bila kushtuka: "wananchi wenye hasira kali". Kijana ameshikwa na simu ya wizi, amepigwa, amevishwa tairi, amechomwa moto. Na habari inamalizika kwa maneno hayo, kana kwamba hasira hiyo haina jina, haina mtaa, wala haikupata kubatizwa.

Wapo miongoni mwetu, hata hapa Sumbawanga, wasemao kwamba dawa ya mwizi ni moto. Wasema hivyo Jumatatu, ilhali Jumapili walipokea Komunyo. Tunawajibu waziwazi: huo moto si dawa. Ni dhambi ya mauaji, na zaidi ya hayo haujawahi kuponya kitu.

Tazameni yaliyotokea Dar es Salaam. Tarehe 2 Januari 2015, maduka na nyumba zilifungwa mapema kwa hofu ya vijana waliojiita Panya Road, waliopita mitaani wakipora na kujeruhi. Kwa taarifa za siku zile, vijana hao walikuwa wametoka kumzika mwenzao aliyeuawa na umati kwa tuhuma za wizi. Angalieni mfuatano huo: umati uliua ili mtaa upate usalama, na kaburi lenyewe likawa chimbuko la hofu ya jiji zima. Polisi walikamata mamia. Je, yaliisha? Septemba 2022 jina lile lile lilirudi: nyumba zilivamiwa usiku kwa mapanga, mwanafunzi wa chuo kikuu akauawa huko Kawe, na polisi wakatangaza kwamba watuhumiwa kadhaa nao wameuawa. Miaka saba ilipita katikati, na wengi wa wale wa mara ya pili walikuwa bado watoto wakati wa mara ya kwanza. Nani alikuwa ameingia katika nyumba zao kuuliza wanakula nini na wanasoma wapi?

Wengine watasema kwamba makundi haya ni balaa la zama zetu, la simu na filamu. Historia inawakatalia. Enzi za Malkia Victoria, Uingereza iliyokuwa tajiri kuliko mataifa yote ilikuwa na makundi yake. Huko Manchester na Salford, vijana waliojulikana kama scuttlers walipigana mtaa kwa mtaa kwa visu na kwa mikanda yenye vifungo vizito vya shaba. Wengi wao walikuwa watoto wa vibarua. Wapo waliodai wachapwe viboko. Majaji walitoa vifungo virefu. Lakini wapo pia waliochukua daftari wakaenda kuhesabu. Mfanyabiashara Charles Booth alianza mwaka 1886 kuwachunguza watu wa London, mtaa kwa mtaa, na kuchora ramani zenye rangi za kuonyesha hali ya kila barabara. Alikuta kwamba kiasi cha asilimia 30 ya wakazi wa jiji lile waliishi katika umaskini. Alipopima sababu zake, ulevi na uzembe, ambavyo wengi walivilaumu, vilikuwa sehemu ndogo. Sehemu kubwa ilikuwa ukosefu wa kazi ya kudumu na ujira duni, kisha maradhi na ukubwa wa familia.

Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1889. Mwaka huo huo vibarua wa bandari ya London waligoma wakidai peni sita kwa saa, na aliyesimama kati yao na waajiri hadi wakapatana alikuwa Kardinali Manning, mzee wa miaka 81. Miaka miwili baadaye Papa Leo XIII alitoa waraka wa Rerum Novarum juu ya ujira wa haki. Na kabla ya hao wote, Mtakatifu Yohane Bosko, padre kijana huko Turin, aliwatembelea vijana gerezani, akaona wanatoka na kurudi kwa kuwa nje hapakuwa na mtu wa kuwapokea. Hakuishia kuwahubiria: aliwatafutia mabwana wa kuwafundisha kazi na kutia saini mikataba kwa ajili yao.

Na sisi je? Serikali ya kikoloni iliwaita vijana wasio na kazi wa Dar es Salaam "wahuni", ikawakamata na kuwarudisha vijijini. Wakarudi tena mjini. Mwaka 1983, kwa sheria ya Nguvu Kazi, jambo lile lile lilifanywa na serikali yetu wenyewe, wakarudi tena. Walirudi kwa sababu kile kilichowaondoa nyumbani hakikuguswa.

Kitu hicho kiko hapa hapa Ufipa. Nyanda hizi zinalisha nchi kwa mahindi na maharage, lakini mkulima anauza wakati wa mavuno bei ikiwa chini, tena kwa gunia la lumbesa. Mwaka 2017, mahindi yalipozuiwa kuuzwa nje ya nchi, bei ilianguka mikononi mwa wakulima wa Rukwa. Ada ya shule ya sekondari ya serikali ilifutwa tangu mwaka 2016, lakini sare, daftari na chakula havikufutwa. Kijana anaacha masomo, anapanda basi lipitalo Laela na Tunduma kwenda Mbeya, na kutoka hapo Dar es Salaam. Baba hajui alikofikia. Hatusemi kwamba kila anayeondoka huwa mwizi. Wengi sana wanabeba mizigo na kuuza karanga kwa uaminifu. Tunasema kwamba anayemwita mkono wa panga humkuta kwanza akiwa na njaa na asiye na wa kumuulizia.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ina hekima ambayo umati hauna. Mtoto akishitakiwa, afisa ustawi wa jamii anatakiwa kuandaa taarifa juu ya familia yake na mazingira yake, ili mahakama iamue ikiwa inamjua. Tairi linalowaka halisomi taarifa yoyote.

Tutaambiwa kwamba tunawatetea wahalifu na kuwasahau waliokatwa mapanga. Hasha! Aliyeumizwa ana haki ya kulindwa, na aliyeumiza ashitakiwe na kuhukumiwa. Umaskini si kibali cha kuiba, na kusema kwamba kila maskini atakuwa mwizi ni kuwatukana maskini. Lakini Bwana wetu, alipoletewa mwanamke ambaye umati ulikuwa tayari kumpiga mawe, hakuisifu dhambi yake. Aliwageuzia swali wenye mawe.

Basi tunaziagiza jumuiya ndogondogo zote. Zipo jumuiya zenye daftari safi la michango, lakini hazina hata ukurasa mmoja wa majina ya vijana walioacha shule. Daftari hilo liandikwe. Waendeni wawili wawili, pamoja na WAWATA na viongozi wa vijana, mkaulize katika kila nyumba mambo matatu: nani ameacha shule na kwa nini, nani ameondoka na anaishi kwa nani, nani ana ufundi awezao kumfundisha mtoto wa jirani. Halmashauri ya parokia itayapokea majibu, na michango itafuata majina hayo.

Na siku kelele za "mwizi!" zitakapopigwa mtaani mwako, ndugu Mkristo, simama kati ya umati na kijana hadi polisi wafike. Ukiondoka na kufunga mlango, usijidanganye kwamba hukuwapo.

Mungu awabariki.